Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Uhabeshi

Siku hizi kijana wa Sumbawanga aweza kutazama mbio za Olimpiki saa ile ile zikimbiwapo, hata zikiwa ng'ambo ya bahari. Zamani haikuwa hivyo. Miongoni mwa Waafrika wa kwanza ambao televisheni iliwajulisha kwa ulimwengu ni Abebe Bikila, nasi twaona vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nchi ya Uhabeshi, ambayo sasa yaitwa Ethiopia. Utotoni alichunga mifugo. Alipokuwa kijana alikwenda Addis Ababa, akaandikwa askari katika kikosi cha kumlinda Mfalme Haile Selassie. Huko mwalimu Mswidi, Onni Niskanen, alimfundisha mbio. Addis Ababa uko juu kuliko mji wetu, zaidi ya futi 7,000, na hewa yake ni nyepesi. Azoeaye kukimbia huko huwa na pumzi nyingi ashukapo nchi za chini.

Mwaka 1960 alipelekwa Roma. Michezo ile ilikuwa Olimpiki ya kiangazi ya kwanza kuonyeshwa moja kwa moja kwa televisheni katika nchi nyingi za Ulaya. Kampuni ya CBS ya Marekani ililipa dola 394,000 ipate haki ya kuionyesha, na kwa kuwa setilaiti za kazi hiyo hazikuwapo bado, kanda za picha zilisafirishwa kwa ndege mpaka New York.

Mbio za marathoni, yaani maili 26 na zaidi, zilikimbiwa tarehe 10 Septemba, zikaisha usiku. Abebe alikimbia miguu mitupu, maana viatu havikumkaa vizuri. Karibu na mwisho palisimama mnara wa Axum, ambao Waitalia waliuchukua walipoiteka nchi yake. Hapo ndipo alipozidisha mwendo, akamwacha nyuma Rhadi wa Moroko, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mnara huo ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Mwaka 1964 alikwenda Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Safari hii alivaa viatu. Gari lenye kamera lilitangulia mbele yake, na watu wa Japani waliziona mbio hizo majumbani mwao. Alimshinda wa pili kwa dakika 4 na zaidi, kisha akajinyosha viungo uwanjani kama mtu ambaye hakuchoka. Lakini ndugu zake nyumbani hawakuyaona hayo, maana televisheni ya Ethiopia ilianzishwa Novemba 1964, siku chache baada ya ushindi wake.

Wakati huo bei ya picha ilikuwa ikipanda. Kwa michezo ya Tokyo kampuni ya NBC ililipa dola 1,500,000, na kwa michezo ya Mexico, mwaka 1968, kampuni ya ABC ililipa dola 4,500,000. Wakimbiaji hawakupata fungu lao, kwa sababu kanuni za siku zile zilikataza mshindani kulipwa. Basi mali ilitokana na jasho lao, wala haikuwafikia.

Huko Mexico Abebe alikuwa ameumia mguu, akaacha mbio njiani. Katika mbio zizo hizo John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka akaumia, lakini alichechemea mpaka mwisho, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kwenda zao. Kwa kuwa kamera ilikuwapo, hata leo watu wanamkumbuka.

Mwaka 1969 Abebe alipinduka na gari lake, asiweze kutembea tena. Hakukata tamaa, bali alishindana kupiga mishale katika michezo ya walemavu huko Stoke Mandeville, Uingereza. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, naye ana umri wa miaka 41.

Wanafunzi wenzetu, Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata mwaka 1994, nasi sasa tumezoea kuona washindi tu wakivishwa nishani. Tukumbuke kwamba kamera ilimwona Abebe kwa muda wa saa mbili na robo. Miaka ile ya kupanda vilima alfajiri, kwenye baridi kama ya Ufipa, hapakuwa na mtu wa kumpiga picha.