Karani Aliyesoma Hesabu za Mfalme

Nani kati yenu, watoto, hajasimama kando ya njia ya Kibumba kutazama chukudu zikishuka kuja Goma? Zimebeba makaa, kabichi na viazi. Mwenye chukudu huuza mzigo wake sokoni, na jioni hurudi kwao na chumvi, sabuni, pengine na kitenge cha mke wake. Mzigo umekuja, mzigo umerudi. Hiyo ndiyo biashara, na hata mtoto wa darasa la kwanza anaielewa.

Sasa fikirini jambo hili. Kila asubuhi chukudu zinashuka zimejaa viazi. Kila jioni zinapanda mlima bila chumvi, bila sabuni, bila fedha mfukoni. Zimebeba marungu na minyororo tu. Mngefikiri nini? Bila shaka mngefikiri kwamba watu wa huko juu hawauzi viazi vyao. Wananyang'anywa.

Zaidi ya miaka 120 iliyopita kijana mmoja aliona jambo la namna hiyo. Lakini yeye hakuliona njiani, aliliona bandarini. Badala ya chukudu zilikuwa meli kubwa, na badala ya viazi ulikuwa mpira wa Kongo, nchi yetu. Kijana huyo aliitwa Edmund Dene Morel.

Morel alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 10 Julai 1873. Baba yake alikuwa Mfaransa na mama yake Mwingereza. Mtoto alipokuwa na miaka minne baba akafa. Mama alimpeleka shule Uingereza, lakini Morel alipofika miaka 15 mama akaugua, ikampasa kuacha masomo na kutafuta kazi. Basi hakuwa mtu wa shule nyingi. Mwaka 1891 akaandikwa karani huko Liverpool, mji wa bandari wa Waingereza, katika kampuni ya meli iliyoitwa Elder Dempster. Mshahara ulikuwa mdogo, akawa anafundisha watu Kifaransa apate nyongeza. Baadaye akaoa, akapata watoto.

Wakati ule Kongo ilikuwa kama shamba la mtu mmoja. Mtu huyo ni Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Mwaka 1885 mataifa makubwa yalimkubali kuwa mwenye nchi hii, naye alikuwa ameahidi kukomesha biashara ya watumwa na kuwafungulia wafanyabiashara wote mlango. Wazee wetu waliiita serikali yake Bula Matari. Leopold mwenyewe hakukanyaga Kongo hata siku moja. Aliitawala kwa barua.

Kampuni ya Elder Dempster ilikuwa imepewa kazi ya kuchukua mizigo kati ya Kongo na Anvers, bandari ya Ubelgiji. Kwa kuwa Morel alijua Kifaransa, wakubwa wake wakawa wanamtuma Anvers mara kwa mara aangalie mambo ya meli hizo.

Akasimama gatini, akatazama. Meli imefika kutoka Kongo. Wachukuzi wanashusha mpira, mizigo juu ya mizigo, na pembe za ndovu nyingi. Baadaye meli inapakiwa tena ili irudi Afrika. Je, inapakiwa nini? Morel alitazamia kuona vitambaa, chumvi, majembe, shanga, vyombo vya kulipia mpira ule wote. Akaona maofisa wa jeshi wakipanda melini. Akaona masanduku ya bunduki na masanduku ya risasi.

Karani mwingine angeandika hesabu yake, akafunga daftari na kwenda kula. Kazi ya karani ni kuandika, haambiwi aulize. Morel alirudi ofisini akafungua daftari za miaka iliyopita, akaanza kujumlisha. Alilinganisha karatasi za shehena za meli na hesabu ambazo serikali ya mfalme ilikuwa inatangaza mbele ya watu. Hazikupatana. Mpira ulioshuka gatini ulikuwa mwingi kuliko ule uliotangazwa. Faida ya mamilioni ya franka ilikuwa inaingia mfukoni mwa mtu bila kuandikwa popote. Tena, kwa hesabu yake, katika kila vitu 100 vilivyopelekwa Kongo, kama 80 havikuwa vitu vya biashara hata kidogo.

Mpira haujikusanyi wenyewe msituni. Ikiwa watu hawalipwi, basi kuna kinachowalazimisha. Morel alikuwa hajafika Kongo, wala hakufika mpaka kufa kwake. Lakini kwa daftari zile alijua kwamba huko kuna utumwa, na kwamba mwenye watumwa ni mfalme.

Yaliyokuwa yakitendeka huku, hasa katika misitu ya Ekwateri, mbali sana na Kivu yetu, yalikuwa mabaya kuliko alivyoweza kufikiri. Kila mtu mume alitakiwa kuleta mpira wa kipimo fulani. Aliyechelewa, mke wake alifungwa mpaka mpira ufike. Kijiji kilichokataa kiliendewa na askari. Na kwa sababu risasi ni mali, mkubwa alitaka askari aonyeshe kwamba hakuzipoteza kwa kuwinda nyama. Kwa kila risasi alete mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa. Wengine walipoteza risasi zao kwa kuwinda, nao wakakata mikono ya watu walio hai. Angalieni basi, askari alidaiwa hesabu ya kila risasi, lakini kampuni za mpira, pamoja na mfalme aliyeshiriki faida yao, hawakudaiwa hesabu ya hata mtu mmoja.

Morel alimwendea mkuu wa kampuni yake, Alfred Jones, akamweleza. Bwana huyu alikuwa tajiri, tena ndiye aliyekuwa konsuli wa Kongo pale Liverpool. Hakufurahi. Alikwenda kuonana na Leopold, akarudi na habari kwamba mambo yatatengenezwa polepole. Baada ya hapo watu ofisini wakaanza kumwangalia Morel kwa jicho la pembeni. Akaahidiwa kazi ya cheo katika nchi nyingine, yenye mshahara mkubwa zaidi. Akakataa. Akaahidiwa pauni 200 kila mwaka kwa kazi nyepesi ya kutoa mashauri, mradi anyamaze. Hizo zilikuwa fedha nzuri kwa mtu mwenye mke na watoto. Akakataa tena, na mwaka 1901 akaacha kazi. Alikuwa na miaka 28.

Tangu siku hiyo alikuwa anaandika usiku na mchana. Mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail. Leopold naye alikuwa na magazeti aliyoyalipa kwa siri yamsifu na kumtukana Morel. Lakini matusi hayawezi kujibu hesabu. Morel alitaja mwaka, mahali, jina la kampuni, kiasi cha mpira na kiasi cha risasi. Alijitahidi asiandike neno ambalo hawezi kulithibitisha, kwa maana alijua kwamba kosa moja lingetosha kuwafanya watu waseme yote ni uongo. Watu waliokuwa wakifanya kazi ndani ya serikali ile wakaanza kumpelekea karatasi za siri.

Tarehe 20 Mei 1903 bunge la Uingereza likaizungumza habari ya Kongo. Serikali yao ikamwagiza konsuli wake wa Boma, Roger Casement, apande mto akaone kwa macho. Casement alisafiri miezi kadhaa, akawasikiliza watu kijiji kwa kijiji. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1904, ikathibitisha mambo ya daftari. Yeye na Morel walikutana London mwezi wa Desemba 1903, wakazungumza usiku kucha. Casement, ambaye hakuwa tajiri, akatoa pauni 100, na mwezi wa Machi 1904 Morel akaanzisha chama cha kudai mambo ya Kongo yatengenezwe. Mwaka uleule huko Baringa mke wa mmisioni mmoja Mprotestanti, Alice Harris, alipiga picha ya baba aitwaye Nsala. Nsala ameketi barazani anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Hivyo tu ndivyo walivyomwachia walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilionyeshwa katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani, na watu waliotazama hawakuweza tena kusema hawajui.

Katika Ukatoliki je? Kwa kweli Wakatoliki wengi wa Ubelgiji walimtetea mfalme wao, wakidhani ni wivu wa Waingereza na Waprotestanti. Hata hivyo mwaka 1906 padre Mjesuiti, Arthur Vermeersch, Mbelgiji mwenyewe, aliandika kitabu cha kukemea utawala ule.

Watu wengine walilipa gharama kubwa kuliko Morel. Mmoja ni Hezekiah Andrew Shanu, Mwafrika wa nchi ya Nijeria, aliyekuwa na duka Boma na alijua sana kupiga picha. Alimpelekea Morel karatasi za kesi za mahakama ya Boma. Alipogunduliwa, serikali ikawakataza wafanyakazi wake wasinunue kitu kwake. Duka likafa. Mwaka 1905 Shanu, kwa kukata tamaa, akajiua. Morel alikuwa Ulaya, na sheria ya nchi yake ilimlinda. Shanu hakuwa na wa kumlinda.

Kelele zilipozidi, Leopold aliwatuma waamuzi watatu waje Kongo kuchunguza, mwaka 1904. Alitumaini watamsafisha. Lakini waamuzi wale walikaa, wakasikiliza, na watu wa Kongo wakaja kusema mbele yao bila woga, ingawa askari waliokuwa wakiwaogopa hawakuwa mbali.

Akaja mzee mmoja, Lontulu, mtemi wa Bolima. Hakujua kuandika. Hakuwa na daftari. Alileta vijiti 110, kila kijiti mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Alikuwa amevigawa vya watu wakubwa, vya wanaume, vya wanawake, vya watoto. Akaviweka juu ya meza ya waamuzi, akataja majina.

Mimi nikisoma habari hii huwaza kwamba Lontulu na Morel hawakupata kuonana, tena hawakujua lugha moja, lakini kazi yao ilikuwa moja. Mmoja alihesabu risasi zilizoingia Kongo, mwingine alihesabu watu waliopigwa nazo.

Kaimu gavana wa Kongo wakati huo alikuwa Paul Costermans. Mwezi wa Machi 1905, baada ya kuambiwa yale waamuzi waliyoyasikia, alijiua. Jina lake wazee wa Kivu walilijua, maana kwa miaka mingi mji wa Bukavu uliitwa Costermansville.

Ripoti ya waamuzi ilitangazwa mwaka 1905, nayo haikumsafisha mfalme. Wabelgiji wenyewe wakaanza kubishana bungeni. Mwisho Leopold ikambidi aiachie Kongo, na tarehe 15 Novemba 1908 ikawa koloni la Ubelgiji. Lakini kabla ya hapo, mwezi wa Agosti, alichoma karatasi za serikali yake ya Kongo katika matanuru ya Brussels, kwa siku nane. Juu ya hayo, katika mapatano ya kuiachia nchi, aliahidiwa franka milioni 50 za shukrani kwa taabu yake, na fedha hizo zilitakiwa zitoke Kongo yenyewe. Alikufa Desemba 1909, wala hakusimamishwa mbele ya mahakama yoyote.

Morel hakupumzika kwa kuwa bendera imebadilika. Aliendelea kudai watu warudishiwe ardhi yao na mazao ya ardhi yao. Chama chake kilifungwa mwaka 1913, ingawa si yote aliyoyataka yalikuwa yamepatikana. Kazi za kulazimishwa ziliendelea miaka mingi.

Vita vya dunia vilipotokea mwaka 1914 alisema serikali za Ulaya, hata ya Uingereza, zimewaficha watu sababu za vita. Mwaka 1917 akafungwa miezi sita kwa kupeleka maandishi yake nje ya nchi kinyume cha sheria, akatoka gerezani mwili umedhoofika. Haifai kuficha kosa lake pia. Mwaka 1920, kwa kutaka kuishtaki Ufaransa, aliandika maneno ya aibu juu ya askari weusi wa jeshi lake waliokuwa Ujerumani, kana kwamba rangi ya mtu ndiyo uovu wake. Yeye aliyesema tusiandike neno lisilothibitishwa, hapo aliandika. Mwaka 1922 watu wa Dundee, mji wa Skotilandi, walimchagua kuwa mbunge, akamshinda Winston Churchill. Tarehe 12 Novemba 1924 alikufa ghafula, akiwa na miaka 51.

Na maneno ya Lontulu pamoja na mashahidi wenziwe? Waamuzi waliyaandika yote, lakini ripoti ilipotangazwa hayakutiwa ndani yake. Karatasi zilifungiwa Brussels, na wasomaji hawakuruhusiwa kuzifungua mpaka miaka ya 1980.