Fahlberg na Mkate Mtamu

Nyanya yangu ana kisukari. Kikombe chake cha chai hakitiwi sukari, hutiwa kitembe kidogo cha sakarini. Basi nikataka kumjua aliyeileta.

Constantin Fahlberg alizaliwa Urusi mwaka wa 1850. Mnamo 1879 alikuwa Baltimore, Marekani, akichunguza lami ya makaa ya mawe katika maabara ya Profesa Ira Remsen. Jioni moja alikula bila kunawa mikono. Lo! Mkate ukawa mtamu ajabu. Akarudi maabarani mbio, akaonja chombo kimoja kimoja mpaka akaipata. Utamu wake wazidi wa sukari kama mara 300, nayo hutoka mwilini na mkojo. Siku hizi hutiwa hata katika soda na dawa ya meno.

Wawili hao walitangaza ugunduzi pamoja. Lakini Fahlberg aliisajili bila Remsen, akajenga kiwanda karibu na Magdeburg, Ujerumani, akatajirika. Remsen hakumsamehe. Fahlberg alifariki mwaka wa 1910.

Nyanya anamshukuru, nami pia. Ila wenzangu, mkifanya kazi wawili, andikeni majina mawili. Na maabarani msionje kitu!