Sousa, Askari Aliyedai Ujira wa Watunzi

Askari aliyepata kupiga gwaride nyuma ya bendi huenda amekwisha kutembea kwa nyimbo za John Philip Sousa pasipo kulijua jina lake. Twaeleza maisha yake kwa kuwa alikuwa askari kwanza, kisha akawa mdai hodari wa haki za watunzi.

Alizaliwa Washington, Marekani, tarehe 6 Novemba 1854. Baba yake alipiga tromboni katika bendi ya Kikosi cha Marine. Kijana alipotimiza miaka 13 alikusudia kutoroka na bendi ya sarakasi. Baba akamwahi, akamwandikisha kikosini mwaka 1868. Mwaka 1880 alikuwa mkuu wa bendi hiyo hiyo.

Akiwa huko alitunga "The Washington Post" (1889), akauuza kwa dola 35 tu. Wimbo ulivuma Marekani na Ulaya, na faida ikamwendea mchapishaji. Mauzo yalikuwa halali, na ndiyo sababu yaliuma. Alipoacha jeshi mwaka 1892 aliunda bendi yake, akafanya mkataba wa kupata fungu katika kila nakala iuzwayo. Wimbo wake wa mwaka 1896, "The Stars and Stripes Forever", ulimtajirisha.

Zikaja santuri. Wenye viwanda walirekodi nyimbo bila kumlipa mtunzi senti. Mwaka 1906 Sousa alikwenda kulalamika Kongresi. (Bendi yake mwenyewe ilirekodi santuri nyingi, ila yeye aliichukia mashine, akawaachia wasaidizi waiongoze!) Sheria ya 1909 iliweka ujira wa senti 2 kwa kila nakala.

Lilibaki suala la muziki hotelini. Bendi ya Hoteli ya Vanderbilt, New York, ilipiga wimbo wake wageni wakila. Mchapishaji akaishtaki hoteli, nayo ikajitetea kuwa hakuna aliyetozwa kiingilio. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mgeni huulipia muziki ndani ya bei ya chakula, hivyo mwenye haki ya wimbo hana budi kulipwa.

Mwaka huo huo, vita vikiendelea, Sousa alivaa sare tena akiwa na miaka 62, akafunza bendi za jeshi la majini. Karibu mshahara wake wote aliutoa kusaidia mabaharia na askari wa Marine.

Alifariki Reading, Pennsylvania, tarehe 6 Machi 1932. Jioni iliyotangulia alikuwa akiifanyisha mazoezi bendi ya mji huo, na wimbo wa mwisho kuuongoza ulikuwa ule wa 1896.