MONIKA, MAMA WA AUGUSTINO

Jina Monika tunalisikia mara kwa mara watoto wanapobatizwa, na wengi hudhani ni jina la Kizungu. Sivyo. Ni jina la Afrika, na aliyelipa sifa alikuwa mama wa Kiafrika.

Monika alizaliwa yapata mwaka 332 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Katika hati za kale jina lake huandikwa Monnica. Wataalamu wengi huliunganisha na Mon, mungu aliyeabudiwa na wenyeji wa sehemu zile. Wazazi wake walikuwa Wakristo, lakini walimpa binti yao jina la kwao, nalo likatakaswa kwa maisha yake.

Aliolewa na Patricius, mtu asiyeamini, mwepesi wa hasira, tena asiye mwaminifu katika ndoa. Monika hakujibizana naye akiwa amekasirika. Alingoja hasira ipoe ndipo aseme naye. Mama mkwe, aliyetiwa maneno na watumishi, alivutwa kwa upole wake. Mwishowe Patricius naye alibatizwa kabla ya kufa.

Mzigo wake mkubwa ulikuwa mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354. Kijana alikuwa na akili nyingi, lakini aliliacha Kanisa akafuata mafundisho ya Mani, akaishi na mwanamke bila ndoa. Mama aliomba kwa machozi. Mwaka 383, huko Karthago, Augustino alimdanganya, akapanda merikebu usiku kwenda Roma, akamwacha mama akisali. Monika hakukata tamaa. Alivuka bahari akamfuata hata Milano, na huko, Pasaka ya mwaka 387, Askofu Ambrosi alimbatiza Augustino.

Mwaka huohuo, wakiwa bandarini Ostia wakingoja kurudi Afrika, Monika alishikwa na homa akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Siku zote alikuwa ametamani kuzikwa kwao, kando ya mumewe. Sasa aliwaambia wanawe wasihangaikie mahali pa kaburi, ila wamkumbuke kwenye madhabahu ya Bwana. Mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba shimo huko Ostia walipata kipande cha jiwe la kaburi lake. Katika kalenda ya Kanisa la Uingereza hukumbukwa tarehe 27 Agosti, siku moja kabla ya mwanawe.

Ndugu zetu, wapo kati yetu akina mama ambao vijana wao hawaonekani tena kanisani. Tusiwacheke, wala tusiwaambie wanyamaze. Tuombe pamoja nao. Na ninyi mliomwita binti yenu Monika, msimwachie jina tupu. Msimulieni habari za mama huyu, ajue kwamba amebeba jina la Mwafrika aliyeomba bila kuchoka.