Joginder Singh, makanika aliyeshinda Safari na motokari ya okazyo

Ndugu wafanyakazi, wamama, na ninyi vijana wa Sakania, leo tunawasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye hakuwa waziri wala jenerali. Alikuwa makanika. Jina lake Joginder Singh. Alifariki mjini London mwezi wa kumi mwaka 2013, akiwa na miaka 81, lakini ku Kenya wazee wangali wanalitaja jina lake kila wakati wa Pasaka unapokaribia. Tumemchagua sababu jambo lake linatugusa: namna gani motokari moja iweze kukupeleka kazini kila siku, kiisha ikimbie mu mashindano, na irudi nzima pamoja na watu walio ndani.

Joginder alizaliwa Kericho, mu milima ya majani ya chai ya Kenya, tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 1932. Baba yake alitoka Punjab, ku Uhindi, akaja kutafuta maisha Afrika sawa vile wababu zetu wengi walivyotoka mbali kuja kutafuta kazi ya shaba huku Katanga. Walikuwa Wasikh, watu wanaofunga kilemba kichwani. Mu luga yao, Singh ni simba. Baba alikuwa na garaji, na Joginder, mtoto wa kwanza wa familia kubwa, alikomalia mule: mikono mu mafuta, kichwa chini ya moteri. Masomo yake makubwa aliyapata ku kazi.

Alipokuwa kijana alifanya kazi kwa chama cha wenye motokari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kusaidia wale waliokwama. Tufikiri kidogo juu ya kazi ile. Kila siku mtu anakutana na motokari iliyokufa, na kila siku anatafuta kwa nini imekufa. Hapa resori imevunjika, pale maji yameisha mu radiateri, kwingine vumbi limeingia mu karburateri. Mtu wa namna ile anajua ugonjwa wa motokari mbele haijaanza kuugua. Anayekaa paka ku volani hapati akili ile.

Mwaka 1958, akiwa na miaka 26, alianza mashindano. Mwaka 1959 akaingia mu Safari.

Safari ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, karibu kilometa 5000, mu siku za Pasaka, yaani wakati wa mvua. Hakukuwa uwanja uliofungwa. Motokari zilikimbia mu barabara za kila siku, katikati ya malori, ng'ombe, baskeli na wamama wanaotoka sokoni. Kilometa hizi vumbi jekundu sawa la kwetu, kilometa zile matope mpaka ku mlango. Mwaka 1963 motokari saba tu njo zilimaliza. Mwaka 1968 tena saba.

Kwa hiyo motokari ya Safari ilipaswa kuwa vitu viwili pamoja: yenye mbio, na yenye kuweza kuishi mu barabara ya watu. Hapa njo elimu ya Joginder ilipoonekana.

Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Uswidi ilileta motokari zake ku Safari, mambo hayakwenda, ikakata tamaa na kuziacha Kenya. Joginder akanunua moja, PV544 ya milango miwili, mgongo wa duara, iliyokwisha kupigwa na mawe ya mashindano. Ilikuwa okazyo kweli kweli. Yeye na mdogo wake Jaswant wakaishika, wakaitengeneza upya. Pasaka ya mwaka 1965 waliondoka na namba 1 ku mlango, Jaswant akisoma njia, Joginder akiendesha. Wakashinda, na waliomfuata wakawa nyuma kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kampuni ilikuwa imeiacha motokari ile. Makanika wawili wa Nairobi wakaonyesha kwamba ilikosa paka mikono inayojua barabara ile.

Sasa, vijana, tuseme juu ya kazi yenyewe. Makanika wa Safari hawakuanza na moteri. Walianza chini. Waliweka bamba la chuma chini ya moteri na chini ya tanki, sababu jiwe moja linaweza kumwaga mafuta yote, na moteri bila mafuta inakufa mu dakika chache. Kiisha resori na amortiseri: ziwe na nguvu, lakini si ngumu kupita kiasi. Resori ngumu kama jiwe inapeleka kila pigo ku mwili wa motokari, chuma kinapasuka, na mgongo wa shofere unaumia. Kiisha freni. Mtu anayeongeza mbio lazima aongeze kwanza uwezo wa kusimama. Kiisha filtri ya hewa, sababu vumbi linakula moteri sawa vile linakula mapafu ya mchimbaji. Kiisha taa, tanki la kuongeza, na mipira ya akiba. Wengine waliweka vishikio na mahali pa kukanyaga nyuma, ili mwenzake shofere apande pale mu matope na uzito wake usaidie mipira kushika udongo.

Nguvu ya moteri ilikuja mwisho, tena kwa kipimo. Moteri iliyokazwa sana inapenda mafuta safi tu, inakunywa mingi, na inachemka ikisimama mu foleni. Ku mashindano ya uwanja mdogo inaweza kufaa. Lakini mtu ambaye kesho asubuhi atapanga nyuma ya malori ku mpaka na Zambia, ile moteri itamuacha njiani.

Kuna jambo jingine juu ya PV544. Mwaka 1959 Volvo ilianza kuweka mu motokari hii mukaba wa usalama wa pointi tatu, ule unaopita begani na kiunoni, kazi ya enjenia wao Nils Bohlin. Leo kila motokari iko nao. Mingi tunaionaka huku umekatwa, ao umefichwa chini ya kiti sababu unaharibu sura.

Joginder hakusimama ku 1965. Magari ya mbio yalikuja kwa wingi. Datsun 240Z, motokari ya sport kweli, ilishinda mwaka 1971 na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Porsche nazo zilikuja. Mwaka 1974 Joginder akachukua Mitsubishi Lancer 1600 GSR, ndugu ya motokari ya familia, moteri ya litri 1.6, na David Doig pembeni. Akashinda, Porsche 911 ya Björn Waldegård ikawa ya pili. Mwaka 1976 akashinda tena na Lancer, na nyuma yake Lancer zingine mbili zikachukua nafasi ya pili na ya tatu. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Lakini hesabu tunayoipenda sisi ni nyingine. Joginder aliingia mu Safari mara 22, mpaka mwaka 1980, na alimaliza mara 19. Kushinda mara tatu ni sifa. Kumaliza mara 19 mu barabara iliyokula motokari za kampuni kubwa, ile ni kazi ya makanika anayekagua kila buloni mbele ya kuondoka.

Kwa nini tunaandika haya mu ukurasa wa wafanyakazi? Sababu kila mwezi tunaona kijana wa mugodi anapata bonasi yake, ananunua motokari ya okazyo iliyotoka upande wa kusini, na pesa inayobaki anaitia mu ekapema ya kelele na mu resori za kukata ili motokari ilale chini. Freni ni zile zile za zamani. Kiisha anatoka kazini usiku, amechoka, barabara iko na malori ya shaba bila taa nyuma. Sisi wa sendika tumekwisha kubeba majeneza ya watu ambao shimo halikuwaua.

Hatusemi vijana waache kupenda mbio. Joginder alizipenda maisha yake yote, na alikufa mzee. Tunasema wafuate mpango wake: chini kwanza, freni ya pili, moteri mwisho. Na ni mpango ule ule tunaoudai ku kazi. Bene isitoke ku garaji kama freni hazijakaguliwa, hata kama kapita anapiga kelele juu ya tani. Mtu anayekubali kuendesha mashine mbovu ya mkubwa wake, jioni atakubali pia kupandisha watoto wake mu motokari mbovu. Anayejifunza kukataa moja, atajifunza kukataa nyingine.