Sidi Mubarak Bombay, Mkalimani wa Ziwa Tanganyika

Mtu akitoka Nanyala akashika njia ya Tunduma, kisha akazidi kwenda upande wa machweo ya jua, mwisho wake atafika Ziwa Tanganyika. Kabla ya kuwapo meli, wafanya biashara walilivuka ziwa hilo kwa mitumbwi, wakichukua chumvi, nguo na shanga, na kurudi na pembe za ndovu. Pamoja na pembe walipakia watumwa. Katika njia hiyo alisafiri mtu mmoja ambaye mwenyewe alipata kuuzwa kama bidhaa.

Alizaliwa katika nchi ya Wayao yapata mwaka 1820. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wafanya biashara ya watumwa walishambulia kijiji chake, wakamkamata, wakampeleka Kilwa na Unguja. Alinunuliwa kwa nguo, akachukuliwa Bara Hindi. Jina alilopewa na wazazi wake likapotea. Akajulikana kwa jina la Sidi Mubarak Bombay. Alikaa utumwani miaka mingi, akajifunza Kihindi. Bwana wake alipokufa aliachwa huru, akarudi Unguja, akawa askari wa Sultani.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walimkuta katika ngome ya Chogwe, karibu na mto Pangani. Walikuwa wakitafuta maziwa ya bara na chimbuko la mto Nile. Speke hakukijua Kiswahili, ila Kihindi alikijua. Kwa hiyo Bombay akawa mkalimani wake. Wakaenda kwa miguu toka pwani hata wakafika Ujiji, Februari 1858.

Mwezi wa Machi Speke na Bombay walivuka ziwa kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, wakaonana na Mwarabu mmoja aliyefanya biashara huko. Speke akarudi na habari kwamba upande wa kaskazini uko mto mkubwa utokao ziwani. Burton akafurahi mno, akitumaini kwamba huenda ndio Nile.

Basi Aprili wakaondoka Ujiji kwa mitumbwi miwili. Mkubwa ulikuwa na urefu wa futi 60 na zaidi, lakini upana wake ulikuwa futi 4 tu. Wapiga makafi wakaimba na kupiga kelele, wakiandama ukingo wa ziwa kwa hofu ya mawimbi, na mvua ikawanyeshea. Wakavuka hata Ubwari, na tarehe 26 wakafika Uvira, kituo cha mwisho cha wafanya biashara upande wa kaskazini.

Hapo wana wa mtemi waliulizwa habari za mto huo, Ruzizi. Wote wakajibu kwamba unaingia ziwani, hautoki. Ndipo Bombay naye akasema kwamba Mwarabu yule alinena vivyo hivyo, ila Speke hakumfahamu vema. Neno hilo lilikuwa zito, maana lilivunja matumaini ya mabwana wake. Hata hivyo hakulificha. Kannena, kiongozi wa mitumbwi, akakataa kwenda mbele kwa kuwaogopa watu wa huko, wakarudi. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika Ruzizi kwa mtumbwi, wakaona kwa macho yao kwamba maji yanaingia ziwani.

Mwaka 1862 Bombay alikuwa pamoja na Speke walipofika mahali Nile itokapo katika Ziwa Nyanza. Mwaka 1874 alikuwa na Cameron aliyezunguka kusini mwa Tanganyika kwa mashua, akauona mto Lukuga ukitoka ziwani kwenda magharibi. Kisha wakaenda kwa miguu hata wakafika Bahari ya Atlantiki, Novemba 1875.

Bombay hakuwa mtu asiye na kosa. Pombe ilimshinda mara kwa mara. Lakini Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, na baadaye malipo ya uzeeni. Alikufa mwaka 1885.

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Njia ya Bombay ilitoka bahari moja ikafika bahari ya pili.