Nijinsky: Nyota wa densi aliyefariki miezi minane kabla ya dawa kupatikana

JAMAA aliruka, na watu waliokuwa ukumbini wakaapa kwamba alikaa hewani kwanza kabla ya kuamua kushuka.

Hiyo ndiyo sifa iliyomfanya Vaslav Nijinsky kuwa gumzo Ulaya nzima zaidi ya miaka 100 iliyopita. Katika densi ya baleti hakukuwa na mwanamume aliyemfikia.

Lakini jukwaani alidumu takribani miaka kumi tu. Miaka 31 iliyofuata aliishi na ugonjwa wa skizofrenia, akitoka hospitali hii na kuingia ile, wakati ambapo hakuna daktari duniani aliyekuwa na dawa ya kumpa.

Mtoto wa wasanii

Nijinsky alizaliwa Kyiv mwishoni mwa miaka ya 1880. Wazazi wake walikuwa wachezaji densi kutoka Poland waliozunguka mji baada ya mji wakitafuta riziki. Baadaye baba aliihama familia, na mama akabaki na mzigo wa kulea watoto watatu.

Kifungua mimba, Stanislav, alianguka kutoka dirishani akiwa mdogo. Naye baadaye aliugua akili na kuishi hospitalini hadi kifo chake mwaka wa 1918. Kitinda mimba, Bronislava, hakuugua. Aliibuka kuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa densi wa karne iliyopita. Nyumba moja, ndugu watatu, kila mmoja na njia yake.

Mwaka wa 1898 Vaslav alipata nafasi katika shule ya kifalme ya densi mjini St Petersburg, Urusi. Alipomaliza mwaka wa 1907, barobaro huyo akajiunga na ukumbi maarufu wa Mariinsky.

Punde akakutana na Sergei Diaghilev, tajiri wa mipango na maneno, aliyekuja kuwa bosi wake na mpenzi wake. Mwaka wa 1909 Diaghilev alipeleka kikosi chake, Ballets Russes, mjini Paris. Mji ulitikisika. Mwaka wa 1911 Nijinsky aliruka kupitia dirishani katika onyesho la Le Spectre de la Rose, na tangu siku hiyo watu hawakuisha kulizungumzia.

Hakutosheka kucheza tu, akaanza kutunga. Mei 29, 1913, Paris ilipoona densi yake ya Le Sacre du Printemps, yenye muziki wa Igor Stravinsky, ukumbi uligeuka uwanja wa fujo. Baadhi walizomea, wengine wakatetea, kelele zikameza ala. Inasimuliwa kwamba Nijinsky alisimama juu ya kiti nyuma ya pazia akiwahesabia wachezaji hatua kwa kupiga mayowe, maana muziki hawakuusikia tena. Leo kazi hiyo inaheshimiwa kote duniani.

Mambo yaenda mrama

Miezi michache baadaye, kikosi kikiwa ziarani Amerika Kusini, Nijinsky alimuoa Romola de Pulszky, mwanadada kutoka Hungary, mjini Buenos Aires. Diaghilev aliposikia, alimfuta kazi.

Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Nijinsky, aliyekuwa raia wa Urusi, alikwama Budapest akihesabiwa adui, akawekwa chini ya ulinzi. Aliachiliwa mwaka wa 1916, akafanya ziara Marekani, kisha akahamia St Moritz nchini Uswisi pamoja na mkewe na binti yao, Kyra.

Hapo ndipo maji yalizidi unga. Alianza kushuku watu. Alitembea barabarani na msalaba mkubwa kifuani akiwahimiza wapita njia waende kanisani. Usiku alichora macho, macho, macho.

Januari 19, 1919 alicheza mbele ya wageni katika hoteli ya Suvretta House. Alianza kwa kuketi kitini na kuwakodolea macho watazamaji kwa muda mrefu bila kusonga. Kisha akacheza vita, vifo na uchungu, watu wakaingiwa na hofu. Hakucheza tena hadharani.

Siku hiyohiyo alianza kuandika shajara. Kwa wiki sita aliandika karibu bila kupumzika, mara akijiona ni Mungu, mara akiogopa, mara akisema mambo ya busara kabisa. Wachache wamewahi kuacha maandishi ya akili yao ikiponyoka namna hiyo.

Mapema Machi, Romola alimpeleka Zurich kwa Eugen Bleuler, daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Bleuler ndiye aliyebuni jina skizofrenia mwaka wa 1908, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la kupasuka na jingine la akili. Jina hilo limepotosha wengi hadi leo. Skizofrenia si watu wawili kuishi ndani ya mwili mmoja, jinsi sinema hupenda kuonyesha. Ni fikra, hisia na uhalisia kuachana njia. Mtu husikia sauti ambazo wengine hawasikii, huamini vitu ambavyo havipo, au hujifungia na kupoteza hamu ya kila kitu.

Kwa masimulizi ya Romola, Bleuler alimwambia mumewe hataweza kupona na kumshauri atafute talaka. Romola alikataa.

Miaka ya kubahatisha

Hospitali za wakati huo, hata zile za matajiri kama Bellevue kule Kreuzlingen alikolazwa Nijinsky, hazikuwa na mengi ya kutoa. Zilikuwa na mapumziko, maji ya kuoga, dawa za usingizi na subira.

Mwishoni mwa 1928 Diaghilev alimpeleka kwenye ukumbi wa Opera mjini Paris kutazama Petrushka, densi aliyowahi kuwika nayo. Walitumaini kumbukumbu zingemrudisha. Alitazama tu.

Kuanzia 1938 alifanyiwa matibabu yaliyobuniwa na daktari Manfred Sakel. Mgonjwa alidungwa insulini nyingi hadi sukari mwilini ikashuka na akapoteza fahamu kabisa, kisha akazinduliwa kwa sukari. Si mchezo! Baadhi ya wagonjwa duniani walifariki wakitibiwa hivyo. Nijinsky alionekana kuchangamka kidogo. Kuna picha ya 1939 inayomwonyesha akiwa amevalia suti, tumbo limetokeza, yuko hewani. Lakini utafiti wa miaka ya 1950 ulionyesha kwamba koma hiyo ya insulini haikuwa na nguvu iliyodaiwa, na madaktari wakaiacha.

Wakati wa Vita vya Pili aliishi Hungary. Kule Ujerumani, utawala wa Hitler uliua zaidi ya wagonjwa 70,000 wa akili na walemavu kati ya 1940 na 1941. Hungary ilikuwa upande wa Ujerumani, na kuwa mgonjwa kama yeye ilikuwa hatari tupu. Alinusurika, na mwaka wa 1947 familia ikahamia Uingereza. Aprili 8, 1950 alifariki jijini London.

Dawa yafika

Desemba mwaka huohuo, mwanakemia Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc nchini Ufaransa alitengeneza klopromazini. Henri Laborit, daktari wa upasuaji jeshini, aliijaribu ili kuwatuliza wagonjwa kabla ya upasuaji, akaona wanatulia bila kupoteza fahamu. Mwaka wa 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris. Watu waliokuwa wakipiga kelele wodini kwa miaka walianza kuzungumza na madaktari wao.

Mwaka wa 1953 mwili wa Nijinsky ulihamishwa kutoka London na kuzikwa Montmartre. Aliingia Paris ndani ya jeneza wakati dawa ilikuwa tayari inatumika katika mji huohuo.

Je, ingemponya? Hakuna anayeweza kuapa. Wataalamu wengine wa baadaye hata wamehoji kama ugonjwa wake ulikuwa skizofrenia pekee. Dawa hizi huzuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, jambo ambalo Arvid Carlsson wa Uswidi alisaidia kulifumbua mwaka wa 1963. Hupunguza sauti na imani za ajabu, lakini haziondoi ugonjwa, na baadhi ya wagonjwa hazifanyi kazi kwao. Zina madhara pia: kutetemeka, kukakamaa misuli, kunenepa. Utafiti unaendelea. Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa inayopitia njia tofauti kabisa, bila kuzuia dopamini moja kwa moja.

Mbona hii inakuhusu? Skizofrenia hupenda kuanza ujanani, mwisho wa ubarobaro na miaka ya ishirini, wakati wa chuo na kazi ya kwanza. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema takribani mtu mmoja kati ya 300 anaugua, na zaidi ya theluthi mbili ya wenye saikosisi hawaoni mtaalamu. Mtaani huitwa chizi, au huambiwa amerogwa, huku miezi ikiyoyoma.

Familia ya Nijinsky ilikosa dawa. Klopromazini leo iko kwenye orodha ya dawa muhimu za shirika hilo. Kwa hivyo ukiona rafiki amejitenga ghafla, halali, anashuku kila mtu na anajibu sauti usizosikia, usimcheke na usimrekodi video. Mfikishe hospitalini mapema. Na akishaanza dawa kisha zimlemee, asiziache kimya kimya. Arudi kwa daktari abadilishiwe.